Sala ya Saa Nane

Wifi yangu alinipa masharti manne kabla sijaenda kuchukua pasipoti yake. Niliyafuata yote, au ndivyo nilivyodhani. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari hii huniona mzembe, na mimi si mzembe.

Pasipoti ilikuwa imekaa siku tisa katika ofisi ya uhamiaji ikisubiri muhuri wa kutoka na kurudi. Ingetolewa Jumanne. Alhamisi saa nne asubuhi wifi alikuwa na ndege ya kwenda nyumbani, maana mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, alikuwa hanyanyuki tena kitandani. Daktari alimwambia mume wangu kwamba kama kuna mtoto aliye mbali, aitwe. Hakueleza zaidi, na mume wangu hakuuliza zaidi.

Mimi na wifi tunafanya kazi sehemu ya kufulia ya hospitali kubwa. Yeye alikuwa mwaka wa tano, mimi mwezi wa tatu. Wiki ile alikuwa zamu ya asubuhi, na msimamizi alishamwambia akikosa siku moja kabla ya likizo, likizo yenyewe aisahau. Mimi nilikuwa zamu ya jioni. Basi akaniandikia barua, akanipa stakabadhi, akanikalisha kitandani kama mtoto wa darasa la kwanza.

Pasipoti nisiiweke kwenye mkoba, niivae mwilini. Simu nisiishike njiani. Mtu akinisimamisha, nisisimame. Na nisimwambie mtu yeyote ninakwenda wapi wala saa ngapi, awe wa kazini, awe mwenye nyumba.

"Huku hawaibi kwa panga, wanaiba kwa masikio," alisema. "Umenisikia, Mchungaji?"

Aliniita Mchungaji tangu siku ya kwanza, aliponikuta nimepiga magoti kati ya vitanda vyetu viwili, mahali pembamba hivi kwamba ilimbidi aniruke ili aende bafuni. Nilicheka, nikamwambia nimesikia. Jumatatu alasiri, yeye akiwa amelala, nikashona mfuko ndani ya sketi yangu ya buluu, upande wa kushoto, chini kidogo ya kiuno.

Kisha nikaomba kusindikizwa.

Nyumbani tuna kikundi cha sala. Kilianza na wanawake kumi na wawili, mama mkwe akiwa mmoja wao. Sasa kiko kwenye simu na tumevuka mia mbili. Utaratibu wetu ni huo wa kusindikizana. Mwenye safari, mwenye upasuaji, mwenye kesi, hutuma ujumbe wa sauti akieleza anakwenda wapi, atapita wapi, saa ngapi. Saa hiyo ikifika, kila mtu popote alipo anapiga magoti. Mwenyekiti wetu hapendi maombi ya juujuu. Ukisema tu una safari, atakurudisha: safari ya wapi, saa ngapi, unaogopa nini hasa. Anasema hawezi kumshika mkono mtu kama hajui mtu huyo amesimama wapi. Mimi nilisindikizwa hivyo nilipojifungua mtoto wa mwisho, na nilipopanda ndege kuja huku, na mara zote mbili nilihisi kweli nimeshikwa mkono.

Kwa hiyo nilieleza. Nilisema kesho saa nne ya huku nitatoka uhamiaji na pasipoti ya wifi, nitapita daraja la waenda kwa miguu lililo juu ya barabara kuu, hadi kituo cha mabasi. Nilisema naliogopa daraja lile kwa sababu lina kuta pande zote na mtu wa chini hakuoni. Nikawaomba wauombee mfuko ulio ndani ya sketi ya buluu, upande wa kushoto, usifunguke.

Sikuona kama nimevunja sharti la nne. Sikuhesabu kwamba kumwambia Mungu ni kumwambia mtu.

Darajani mwanamke alinijia akiuliza saa. Sikusimama. Aliyenisimamisha ni mwanamume aliyekuwa nyuma yangu. Mkoba ulikuwa begani, una simu na nauli na kila kitu, hakuugusa. Alishika sketi upande wa kushoto, chini ya kiuno, akaikata mara moja kwa wembe, akachukua pasipoti, wakaondoka. Hawakukimbia hata. Nilibaki nimeshikilia kitambaa kisidondoke, magari yanavuma chini yangu, na nilijua kwamba dakika hiyohiyo watu mia mbili walikuwa magotini kwa ajili yangu.

Nilimkuta wifi kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, ile yenye magogo ya chuma yaliyopashwa moto ambayo watu wawili huilisha shuka, mmoja kila pembe. Aliiona sketi niliyoifunga kwa pini. Hakuachia shuka. Alililisha mpaka mwisho, akaomba mtu amshikie nafasi, akanivuta nyuma ya vikapu vya nguo chafu. Kwanza aliniuliza kama nimeumia. Nilikuwa na mkwaruzo tu.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, wifi."

"Hata mimi sikujua mfuko umeushona upande gani. Mwizi alijuaje? Umemwambia nani?"

Nikamwambia. Nilitegemea anipigie kelele. Aliangalia mikono yake iliyokuwa myekundu kwa joto, akasema polepole, "Mimi nakukataza mtu mmoja, wewe unatangazia mia mbili." Kisha akakaa chini, juu ya mfuko wa mashuka machafu ambao siku zote anatukataza kuukalia.

Ubalozini walisema hati ya dharura ni siku sita, pengine kumi. Kwenye kituo cha polisi kulikuwa na askari wa dawati, mtu mzima mwenye mafua, aliyeandika maelezo yangu kwa kidole kimoja huku wifi akitafsiri. Alipofika kwenye mfuko alisimama, akauliza swali lilelile la wifi. Akataka kuona majina ya kikundi. Tukapekua simu kutoka juu hadi chini, na karibu na mwisho tukakuta namba ya nchi hii, haina jina wala picha. Iliingia wiki tatu zilizopita, kwa kiungo ambacho sisi wenyewe tulikuwa tunakisambaza, maana hatumkatazi mtu kusali. Haikuwahi kuomba lolote. Haikuwahi hata kuitikia amina.

Maana yake ni mtu wa lugha yetu. Hilo liliniuma kuliko wembe.

Askari alisema namba kama hizo zinanunuliwa sokoni kama njugu, haimfikishi popote. Tulikuwa tumeshainuka wifi alipogeuka na kumwuliza: je, kama wezi wale wangerudi darajani kesho, saa inayojulikana, angewatuma watu? Askari alipenga kamasi, akafikiri, akasema kwa saa inayojulikana angewatuma wawili wasio na sare.

Nilielewa kabla hajanitafsiria.

"Omba tena," wifi aliniambia tukiwa nje. "Sema umeibiwa, polisi hawakukusikiliza. Sema kesho saa nane mchana unakwenda kuchukua pasipoti yako na za wenzako wawili wa kazini, na njia ni ileile."

Nilimwambia siwezi. Wale ni watu wanaopiga magoti. Kuna wajane mle, kuna watu wanaofunga. Siwezi kuwapa uongo waupeleke mbele za Mungu kwa jina langu.

"Wezi uliwapa ukweli mtupu, mpaka rangi ya sketi. Leo nakuomba uwape uongo, ndio unakumbuka dini?" Sauti ilimkatika. "Ni mama yangu, wifi. Sina mwingine."

Usiku ule, nilipotoka zamu, nilipiga magoti kati ya vitanda na sikupata neno. Nilimwomba Mungu anipe njia nyingine, yoyote ile, nikasikiliza, nikasikia bomba la jirani tu. Nikachukua simu. Nilisema yote kama wifi alivyopanga, na sauti yangu ilitetemeka, na kutetemeka kwenyewe kukaufanya uongo uaminike. Majibu yalimiminika. Pole dada. Shetani hatashinda. Saa nane ya huku tuko magotini. Hesabu ya walioisikia ilipanda mbele ya macho yetu, na kati yao ilikuwamo ile namba isiyo na jina.

Asubuhi ya Jumatano mume wangu alipiga simu. Alikuwa ananong'ona. Mama amesikia sauti yangu, alisema, na amekataa kuniombea akiwa amelala. Anataka saa ikifika ashushwe sakafuni apige magoti kama wenzake. Wamemsihi, hasikii. Anasema mke wa mwanawe ameibiwa kwa sababu jana yeye aliomba akiwa amelala kama mvivu.

Nilikuwa nimeweka simu sauti ya juu. Wifi alikuwa anafunga kamba za viatu, akaacha.

"Mwambie asishuke," alisema. "Mwambie ni uongo. Mama atakufa pale chini."

Na mimi, niliyekuwa siwezi kudanganya, ndiye niliyemkatalia. Nyumba ya mgonjwa imejaa watu wa kikundi tangu asubuhi, tukimwambia mama atauliza kwa sauti, na kabla ya saa nane kila simu itakuwa imejua. Nikamwambia mume wangu amtandikie mama godoro sakafuni, amshike kwa nyuma, asimwache peke yake. Nikakata. Wifi alinitazama kama mtu asiyenijua.

Saa nane nilivuka daraja nimebeba mkoba wenye magazeti. Sikuweza kuomba, kwa sababu ningeomba nini, wakati maombi ya wengine yalikuwa kwenye jambo lisilokuwapo? Nilimwona tu mama mkwe na magoti yake membamba. Mwanamke akatokea. Safari hii hakuuliza saa. Alinyoosha mkono kwenye mkoba, na vijana wawili waliokuwa wameegemea ukuta wakila machungwa wakamshika, na mwenzake wakamkamata ngazini.

Kwenye gari la polisi mwanamke yule aliniambia kwa lugha yetu, "Dada, nisamehe." Akasema alijiunga na kikundi kwa kuwa alikuwa mpweke, anataka kusikia sauti za nyumbani. Baadaye mwenzake akamwuliza watu wale huongea nini kila jioni. Mpaka leo sijui kama alisema kweli.

Chumbani kwao walikuta pasipoti kumi na moja, ya wifi ikiwamo, nzima, na muhuri wake. Saa kumi tuliiona juu ya dawati, ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba. Wifi akanyoosha mkono. Askari mwenye mafua akauweka mkono wake juu ya plastiki, kwa upole. Ni kielelezo cha kesi, alisema. Kielelezo hakitoki mpaka mkuu wa kituo atie saini, na mkuu yuko mafunzoni, atarudi Alhamisi asubuhi, saa mbili au saa tatu, inategemea foleni ya magari.

Wifi hakulia. Alimweleza mara moja, akamweleza mara ya pili, mara ya tatu akawa anarudia neno moja tu, mama, kwa lugha yao, halafu kwa yetu. Askari aliangalia pembeni.

Simu yangu ikaita. Mume wangu alisema mama bado yuko chini. Saa imepita kitambo, lakini hakubali kurudishwa kitandani mpaka asikie mimi mwenyewe nimevuka. Midomo imemkauka. Akamwekea simu sikioni.

"Nimevuka, mama," nikasema. "Nimevuka salama."

Alishusha pumzi. Nikaambiwa baadaye kwamba walipomnyanyua alikuwa baridi mpaka mapajani.

Alhamisi saa moja asubuhi tulikuwa kwenye benchi la kituo, sanduku kati yetu. Mkuu alifika saa tatu kasoro dakika kumi na alitia saini bila kusoma, kwa sababu askari yule alikuwa amembandikia karatasi juu iliyoandikwa kila kitu. Uwanja wa ndege tulifika mbio; sanduku tuliliacha kwa dereva wa teksi, hatukuwa na muda wa kulishusha vizuri, akaja kunirudishia mimi baadaye. Wifi alipita mlango wa abiria akiwa wa mwisho, pasipoti ameishika kwa mikono miwili kifuani. Hakugeuka kuniaga.

Alifika nyumbani Ijumaa mchana. Mama mkwe alifariki Jumapili.

Wifi alinipigia baada ya mazishi. Nilianza kuomba msamaha akanikatiza, akasema hakupiga simu kwa hilo. Alitaka kunieleza tu, kwa sababu pale msibani hakukuwa na mtu wa kumweleza. Mama alikuwa anaongea mpaka mwisho, alisema, lakini hakumtambua. Aliposikia hatua za mtu anayetoka safari alidhani ni mimi. Alimshika mkono akamwita mke wa mwanangu, akamwuliza kama amevuka.

"Nikamwambia nimevuka. Baada ya muda ananiuliza tena. Siku mbili nzima nimekuwa wewe, wifi."

Nikakaa kitandani kwake.

"Kisha akaniuliza binti yake anakuja lini."

Nikamwuliza alimjibu nini. Nikasikia watu nyuma yake wakikunja maturubai na kupanga viti.

"Nilimwambia kesho," akasema.