Mahameli ya Kimo cha Mgeni

Mzee Bashiri alipoinuka kwenda kutawadha, ukuta wetu uliinuka naye. Ulimng'ang'ania mgongoni, mwekundu, kuanzia mabegani hadi kiunoni, na nyuma yake ukabaki udongo mtupu unaong'aa kwa uji wa muhogo.

Nilikuwa chumbani, nachungulia kwenye ufa wa mlango kama mchumba yeyote mwenye akili. Nikang'ata pindo la kanga. Kicheko changu hakijawahi kusubiri kualikwa.

Ilikuwa mwaka ule Wazungu wa karanga walipokuwa wakifunga virago Nachingwea. Pazia la klabu yao lilikatwakatwa likauzwa vipande, na mama yangu, Mwanaheri, akarudi Ruangwa na kimoja kichwani: mahameli nyekundu, upande mmoja imeungua. Ufuta wetu wa msimu mzima ulikwisha hapo. Hakuna aliyethubutu kumwuliza tutakula nini. Posa ya dada yangu Sikuzani ilivunjika wakwe walipoiona nyumba yetu. Walikunywa chai, wakaaga vizuri, hawakurudi. Sasa Mzee Bashiri, baba yake Amri mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Nkowe kutoa neno la mwisho.

Mahameli haikutosha ukuta mzima. Mama akamkalisha baba mkekani, mgongo ukutani.

"Kaa kama mgeni."

"Mgeni anakaaje?"

"Hajikuni."

Akachora alama ya mkaa juu ya utosi wake. Nguo ingefika hapo, basi.

"Na akisimama je, mama?" nikamchokoza. "Si ataona udongo?"

"Mtu mwenye adabu hasimami hovyo. Koroga uji."

Tuliibandika asubuhi ile ile, kwa uji wa muhogo. Mvua ilikuwa haijaacha kunyesha. Ukuta umeshiba maji, haunywi kitu. Lakini kwa macho, ilipendeza. Hata kuku siku hiyo waliingia kwa adabu.

Basi baba akawa anaibandua mgongoni mwa mgeni, taratibu, na kila ilipotoka iliacha wekundu kwenye kanzu nyeupe.

"Polepole, mkwe," alisema Mzee Bashiri. "Utaichana nguo yenu."

Nguo yetu! Mgongo wake alikuwa hajauona.

Mama alisimama mlangoni na karai la maji. Baba ndiye aliyesema.

"Ivue, mkwe, ifuliwe kabla haijakauka."

"Haina neno. Iacheni."

"Vua, tafadhali. Usituongezee aibu."

Mzee Bashiri akashika ukosi wa kanzu. Akamtazama baba, akatazama sakafu, akavua.

Ndani alivaa fulana iliyoshonwa kwa mfuko wa unga. Maandishi ya bluu yalimpita kifuani, yamepauka kwa kufuliwa, na kwapani kiraka kilikaa juu ya kiraka. Huyu ndiye tuliyemnunulia mahameli. Kicheko changu kilikufa chenyewe, sikukitafuta.

Mama alipokea kanzu bila kuinua macho. Alisugua nyuma ya nyumba mpaka vidole vikavimba, na kadiri alivyosugua, wekundu ulitambaa. Mwishowe kanzu nzima ikawa na rangi ya ufizi. Mzee Bashiri aliivaa ikiwa mbichi, akasema Amri ataoa baada ya mavuno, akapanda baiskeli. Njia nzima ya Nkowe ilimsoma mgongo.

Niliolewa. Kanzu ile niliifua kwa mikono yangu miaka mingi, maana hakuwa na nyingine, na hata sikukuu ya Idi aliivaa hiyo hiyo.

"Fua vizuri, mwanangu," baba mkwe alikuwa akinitania. "Wenzangu wamevaa kanzu, mimi nimevaa klabu."

Mama hakulicheka hilo hata mara moja. Mahameli aliibandua yote akaisokomeza chini ya kitanda. Na kila nilipokwenda kumwona, nikiwa na baba mkwe, alitandika mkeka katikati ya chumba, mbali na kuta. Mzee Bashiri aliuvuta mpaka ukutani, pale pale. Akaegemea.

Naye mama alikwenda jikoni kupuliza moto ambao ulikwisha kuwaka.