Tangi Lisilopumua

Kijiji cha Mahembe hakijapotea nyuma yao, gari likaanza kumisi, injini ikikatika na kushika tena. Zubery akakanyaga mafuta zaidi.

Kwenye kiti cha nyuma mkewe Safina alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa mama yake. Alikuwa amerudi kwao kujifungua mimba ya kwanza, na tangu adhuhuri damu ilikuwa ikimtoka. Zahanati ilikuwa imewaambia wakimbilie hospitali ya mjini, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshampeleka mtu mwingine. Ikabaki hii Corolla kuukuu ya Zubery, aliyokuja nayo asubuhi kutoka Ujiji kumjulia hali mkewe.

Kupanda mlima haikuwa na neno. Ila ikifika barabara nyoofu na Zubery akaituliza kwenye mwendo mmoja, inasita, inavuta, inasita tena, kama mtu anayekabwa. Mwisho ikazima. Alifungua boneti, akagusa plagi na nyaya moja moja, hakuona kasoro. Alipojaribu tena ikawaka bila kinyongo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ugonjwa unaojificha utautibuje?

"Safina, mwambie mumeo asikimbize sana," mama mkwe akasema.

Bi Kuruthumu alikuwa mwanamke wa heshima zake. Tangu ndoa ifungwe hakuwahi kumwambia mkwewe neno uso kwa uso. Kila kitu kilipitia kwa binti. Zubery naye hakuwahi kumtazama usoni. Ndivyo walivyolelewa wote wawili, na hakuna aliyeona ubaya wake mpaka siku hiyo.

Karibu na Mwandiga ikazima tena. Safari hii Zubery aliupiga usukani ngumi. Nyuma, kanga ya pili ilikuwa imeshalowa.

"Safina," mama akaanza, "mwambie mumeo..."

Safina hakuitikia. Mama alimtikisa bega, akamwita tena, midomo ya binti haikusogea. Zubery aligeuka, na kwa mara ya kwanza macho yake yakakutana na ya mkwewe. Yalikuwa yamejaa hofu ileile iliyokuwa yake.

"Zubery," akasema Bi Kuruthumu. "Ule mpira uliofunga kwenye tangi. Hewa inaingilia wapi?"

Zubery alielewa papo hapo. Mfuniko wa tangi aliusahau kituo cha mafuta, na alipofika ukweni akaona petroli inamwagika ubavuni. Akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akaukaza juu ya mdomo wa tangi kwa kamba kama vijana wa maboti wanavyofunga madumu ili ziwa lisiingie. Alijisifu kabisa kwa fundo lile. Bi Kuruthumu, aliyezeeka akimimina mawese kutoka kwenye madumu, alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia. Alijua kuwa dumu lisilo na tundu la hewa haliachii mafuta. Lakini mama gani angemkosoa mkwe mbele ya watu?

Zubery alikimbilia nyuma ya gari. Mpira ulikuwa umebonyea ndani. Alilikata fundo kwa meno, na tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu. Akaacha kitambaa kikining'inia pale mdomoni, akarudi kwenye usukani, na gari halikusita tena mpaka hospitali. Njia nzima hakusikia chochote kutoka nyuma ila mkwewe akiomba dua.

Walikaa benchi moja. Jua lilikuwa linazama muuguzi alipotoka na kusema Safina amepona. Mtoto alikuwa amekosa hewa muda mrefu, wanamsaidia kupumua, hawawezi kuahidi kitu. Kisha akauliza, si kwa ukali, kwa nini walichelewa hivyo.



"Tuliheshimiana," akasema Bi Kuruthumu, akajifunika uso kwa kanga.