Usafi wa Alhamisi

Walimu wetu wana ugonjwa mmoja: wakisikia mgeni anakuja, wanashika fagio. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini katika shule hii ndogo ya Silanga, kando ya bwawa, wenyeji hupona na nyasi hufa.

Mwalimu Wanza aliugua kuliko wote. Alilelewa Machakos na mama aliyeamini kuwa majani uani ni tangazo la uvivu, na hakuna chuo kilichowahi kumtoa hilo damuni.

Muhula huo yeye na mwenzake kijana, Omolo, walikuwa wakienda Kawangware kila Jumamosi kwa mafunzo ya walimu, kujifunza namna ya kufundisha mimea na mazingira yake bila kung'ang'ania kitabu. Mkufunzi wao, Bi Nzembi, alitaka kila mmoja afundishe somo moja mbele yake. Wanza alikuwa ameshafaulu. Alisimama akasema, "Hakuna magugu. Kuna mimea ambayo hatujaiuliza kazi yake," akapigiwa makofi hadi akajiona profesa.

Omolo alibaki, na siku yake ilikuwa Ijumaa, hapo hapo shuleni. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia wazi kwamba asipopata cheti, muhula ujao atafute kazi kwingine. Kwa hiyo alizungushia kamba kipande cha ardhi nyuma ya vyoo na kukiacha bila kuguswa. Pakaota mnavu, kishona nguo, mbarika na mingine ambayo watoto waliipa majina yao wenyewe.

Alhamisi jioni Omolo alikwenda Mashimoni kutafuta waya wa kutengenezea fremu za kuhesabia mimea. Wanza alikuwa wa zamu. Kesho kuna mgeni! Akatoa watoto darasani, karatasi zikaokotwa, mitaro ikazibuliwa. Walipofika kwenye kamba, msichana mmoja, Hope, akasita.

"Hata hapa, Teacher?"

"Hapa ndio hasa. Unataka mgeni aone msitu?"

Mkono ulitangulia, akili ikabaki nyuma. Aliwasimamia waking'oa na kufagia, na moyoni hakuwa na jingine ila raha ya kuona uwanja umetakata.

Asubuhi Omolo alifika na fremu zake, darasa lake na Bi Nzembi. Nyuma ya vyoo palikuwa na udongo mtupu wenye michirizi ya fagio. Wanza, aliyekuja kutazama, ndipo akakumbuka kamba ile ilikuwa ya nini. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Omolo alimtupia jicho mara moja tu, kisha akarusha fremu chini.

"Hesabuni."

"Hakuna kitu, Teacher."

"Na juzi?"

"Ilikuwa imejaa!"

"Haya, tuchunguze. Nini kimeondoa mimea yetu?"

"Mbuzi!"

"Mbuzi anakula juu. Mizizi iko?"

Wakachimbua. Haikuwepo.

"Dam ilifurika!"

"Ingeacha matope na mapaper za plastiki. Mnaona?"

"Hapana. Ni jua!"

"Si ingekauka hapa hapa?"

Bi Nzembi alianza kutabasamu. Wanza naye alipumua, akidhani ameponea chupuchupu.

"Unaenda vizuri, Omolo," mkufunzi akasema. "Lakini fika mwisho. Mimi sipitishi nusu somo."

"Basi ni nini?" Omolo akawauliza watoto.

Darasa lililokuwa likipiga kelele likanyamaza. Wote wakatazama chini. Hatimaye Hope, aliyeshika chaki kando ya ubao mdogo, akasema, "Hatujui, Teacher."

Walijua. Vidole vyao vilikuwa bado na rangi ya majani. Walikuwa wakidanganya kwa ajili ya Wanza, watoto aliowagombeza kila siku kwa uongo, na uongo huo ulikuwa unammaliza Omolo. Naye Omolo, ambaye angeweza kumtaja na kujiokoa, aliuliza tena kwa upole, akajibiwa kimya. Bi Nzembi akafunga kalamu yake.

Wanza akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Uso ulimwaka moto.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaambia wang'oe. Hope aliniuliza, nikamwambia hapa ndio hasa."

Hakuna aliyecheka. Angeshukuru kama wangecheka. Bi Nzembi akafungua kalamu tena na kumgeukia Omolo.

"Endelea na somo."

Omolo akamwashiria Hope aandike jibu. Msichana akaweka chaki ubaoni, akasita, akamgeukia Wanza kwa adabu iliyouma kuliko tusi.

"Teacher, niandike jina yako, ama niandike tu binadamu?"

"Andika jina," Wanza akasema, na darasa zima likainama kunakili.