Unasikia Nini, Dufie?

Fundi Ntiamoah alikuwa bahili wa poda. Nasema hivyo kwa sababu masufuria yangu ya kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, na samaki yalikaa mbele ya gereji yake, na macho ninayo. Huku kwetu Suame, mwanafunzi akimaliza miaka yake gereji, fundi wake humpa mtihani mbele ya mafundi wenzake, kisha humwagia poda nyeupe kichwani na shingoni, akamwambia: nimekuachia, nenda. Bila poda hiyo, hakuna atakayekuletea gari hata uwe hodari namna gani. Na Dufie alikuwa amemaliza miaka yake tangu kabla ya mvua.

Alipouliza, Fundi akasema mvua ipite kwanza. Ilipopita, akasema gari la mtihani halijapatikana. Gari, Suame! Hapa magari mabovu ni mengi kuliko mbuzi. Mjomba wa Dufie huko Techiman alikuwa amemshikia kibanda kando ya soko, naye alishasema mwezi ukiisha atampa mtu mwingine. Msichana akawa hali chakula. Samaki wangu anamgeuza tu kwenye sahani.

“Mama Birago, huyu mzee hataniachia,” akaniambia siku moja.

“Kwa nini? Hujui kazi?”

“Basi tu, Mama.”

Nilikasirika kwa niaba yake. Kazi alikuwa anaijua. Kila gari lililotaka kutoka, Fundi aliliwasha, akakunja mikono kifuani, akamwita: “Unasikia nini, Dufie?” Naye Dufie alitega sikio, akasema mkanda umelegea, au plagi moja haichomi, na Fundi akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyekuwa na jibu tangu mwanzo. Hakuwahi kumwambia amekosea. Nilizoea kuwasifia wateja wangu ufundishaji wake, maana gereji nyingine watoto hufundishwa kwa makofi.

Basi nikafunga kanga yangu, nikaenda kwa Fundi Bempah, mkubwa wa mafundi wa mtaa wetu, nikamwambia rafiki yake anaupoteza ujana wa msichana wa watu. Bempah akaguna, akapanga mtihani Ijumaa.

Gari lilikuwa pikapu ya mteja mmoja, Iddrisu, ambayo Fundi Ntiamoah alikuwa ameifungua injini na kuifunga upya. Aliifunga peke yake, akatia hitilafu ya mtihani peke yake, na Dufie akakatazwa hata kuisogelea. Iddrisu alikuwa amekwisha kuipakia ndizi za kupeleka Tamale, mkewe ameketi mbele na mtoto mchanga, wanangoja mtihani uishe waondoke.

Dufie aliiwasha, ikawa inakohoa. Akainama, akapitisha mkono chini, akautoa na kipande cha bomba la mpira la kupitisha hewa kilichochomolewa. Akakirudisha, injini ikatulia. Mafundi wakapiga makofi. Mimi nilipiga kigelegele hadi wateja wangu wakaacha sahani zao kunitazama. Fundi Ntiamoah akafungua kopo la poda.

Lakini Dufie hakutoka kwenye boneti.

“Bado, Fundi.”

“Bado nini tena?”

“Kuna kitu kinagonga. Chini huku.”

Fundi akacheka. “Nimeweka kitu kimoja tu. Njoo upakwe poda, acha maringo.”

“Si ulichokiweka wewe, Fundi.”

Funga mdomo, mtoto, nilimwambia kimoyomoyo. Chukua poda uende zako. Dufie akavuta waya wa mafuta kidogo, injini ikanguruma, na hapo hata mimi muuza samaki nikasikia: tok, tok, tok. Nikamtazama Bempah. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mafundi wengine nao wote macho chini, na ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wanajua. Miaka yote ya nyundo na mabati ilikuwa imeyamaliza masikio ya Ntiamoah, na masikio aliyobaki nayo yalikuwa ya Dufie.

Fundi akafunika kopo.

“Kwa hiyo mimi nimetoa gari linalogonga? Unaniambia hivyo mbele ya watu?”

“Nisamehe, Fundi. Iddrisu ana mtoto mle ndani. Hili gari litawafia porini usiku.”

“Mimi sisikii chochote!”

Alisema kwa sauti kubwa, halafu akabaki mdomo wazi. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau hasira zangu.

Dufie akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Akamsogelea sikioni.

“Siku ya kwanza ulinipa hii. Ukasema ncha kwenye injini, mpini kwenye sikio, sauti itapanda. Sasa wewe iume, sauti ipande kwa mfupa.”

“Nini?”

“Iume, Fundi! Kwa meno!”

Kijana mmoja akacheka, Bempah akamkata jicho. Fundi Ntiamoah aliinama taratibu, akaegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, akauma mpini. Dufie akavuta tena waya wa mafuta. Mzee akafumba macho.

“Beringi ya pili,” akasema, mti ukiwa bado mdomoni. “Ya pili kutoka mbele. Imelegea. Iddrisu, shusha ndizi zako, huendi popote leo.”

Lakini hakunyanyuka. Aliihamisha ncha kwenye pampu ya maji, akasikiliza. Akaihamisha kwenye dinamo. Alizunguka injini nzima hivyo, kama mtu anayesalimia ndugu aliowakosa kwa muda mrefu, na machozi yanamdondoka kwenye ovaroli mbele ya kila mtu. Mwishowe akafuta meno kwa kiganja.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu mwaka wa kwanza, Fundi.”

“Na hukusema?”

“Ulikuwa unaniuliza nasikia nini. Nikawa nakujibu.”

Fundi akachukua lile kopo. Wengine hunyunyiza kidogo tu, kwa heshima. Yeye alimmiminia lote, Dufie akapiga chafya, tukaona macho tu. “Nimekuachia,” akasema. “Niliogopa. Nenda.”

Dufie yuko Techiman sasa, na kibanda chake kina foleni. Hapa gereji wamekuja wanafunzi wapya, wanacheka kwamba mzee wao anakula bisibisi. Bado anakunja mikono na kuwauliza wanasikia nini. Juzi mmoja alitega sikio, akasema kwa kujiamini kabisa kwamba ni mkanda. Fundi akauma mpini wake, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza samaki mbele yake nikamsikia akimwambia mwanafunzi, “Hapana. Umekosea.”