Mwaka wa Ubao

Mbao kumi na mbili zilikuwa zimetupwa katika pipa la taka nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, zikichomoza kama mbavu za ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Ubavuni pa kila moja palikuwa na majina yaliyochongwa kwa kisu, jina chini ya jina, tangu mwaka 1972. Nilichomoa moja nikaiburuta thelujini hadi bwenini. Huo ndio ushujaa pekee ninaoweza kuudai katika habari hii, nao ulichelewa mwezi mzima.

Chuo chetu kidogo cha Iowa kilicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya bandia, kwa namna ambayo watu wenye haraka waliiona aibu: kilishinda mechi saba na kushindwa nne, mwaka baada ya mwaka. Kocha Orville Tjaden alikuwa amekifundisha kwa misimu ishirini na mitatu. Aliwachukua vijana ambao vyuo vikubwa viliwatazama mara moja tu, kisha akawafanyia jambo ambalo tayari lilikuwa limepitwa na wakati: aliwafundisha.

Mwaka wa kwanza hatukucheza. Sisi wa safu ya mbele, watu wanene ambao kazi yetu ni kumkinga mrushaji wa mpira asiangushwe, tuliuita mwaka wa ubao. Ubao ulilazwa chini, katikati ya miguu yako, nawe ulimsukuma mwenzako kutoka ncha hii hadi ile bila kuukanyaga. Anayeukanyaga huanguka, anayeanguka siku ya mechi huvunja mbavu za mrushaji wake. Mantiki hiyo iliwapita watu wengi wenye shahada.

"Panua miguu, Gerdes!" Tjaden alinguruma. "Unatembea kama mtu anayetafuta choo."

"Nimepanua, Kocha."

"Umepanua mdomo. Rudi mwanzo."

Mwaka wa pili nilisimama nyuma ya Lyle Sievert, aliyecheza katikati ya safu, nikiusoma mgongo wake kama kitabu. Alipomaliza masomo, Lyle alichonga jina lake ubaoni, akanikabidhi ubao pamoja na nafasi yake. Ndivyo ilivyokuwa desturi: anayeondoka humfundisha anayekuja, na kocha huwasahihisha wote wawili. Mwaka wa tatu nilicheza kila mechi. Tulishinda saba.

Desemba hiyo, Duane Pruett alinialika chakula cha mchana. Alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo, na kabla ya hapo aliuza mabwawa ya kuogelea katika jimbo lenye miezi mitano ya barafu.

"Kijana wangu," alisema, akikata nyama yake vipande vidogo kama anayemlisha mtoto, "hakuna anayesema Tjaden ni mtu mbaya. Ila saba, saba, saba! Watu wamechoka. Wafadhili wanataka moto."

"Ndiyo, bwana."

"Kuna kocha anaitwa Kip Lassiter. Huyo bwana, kila aendapo, mawakala wa ligi ya kulipwa wako nyuma yake. Mwili kama huo wako wangeuona! Sasa wewe ndiye nahodha ajaye. Niambie tu, wachezaji wanaonaje?"

Nilijua anachotafuta. Alihitaji sentensi moja kutoka kwa mtu aliyevaa jezi, na bila sentensi hiyo bodi ya chuo isingethubutu kumgusa Tjaden. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na mdomo umejaa nyama.

"Labda wakati umefika," nikasema.

Wiki iliyofuata gazeti la mji liliarifu kwamba kocha ameondolewa "baada ya kuwasikiliza wachezaji". Wachezaji hao walikuwa mimi.

Lassiter aliwasili Januari akiwa na meno meupe mno.

"Hizi mbao za nini?" aliuliza. "Mnajenga banda la kuku?"

Chumba kizima kilicheka. Changu kilikuwa kicheko cha nahodha, hivyo kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Alileta wachezaji tisa waliokwisha kutengenezwa kwingineko, wazuri kama samani za dukani, kila mmoja na lugha ya kocha wake wa zamani. Kufikia Oktoba safu yetu ilikuwa na majina matatu kwa kitendo kimoja. Wawili walimvamia adui mmoja. Adui wa pili alipita katikati yetu kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Curtis Boyle, mrushaji wetu, aliangushwa mara hamsini na moja, kisha akavunjika mtulinga. Tulishinda mechi mbili. Wakala mmoja alikuja kweli. Aliuliza njia ya kwenda chuo kingine.

Lassiter akapandishwa kwenda chuo kikubwa zaidi, kwa maana katika nchi hii kushindwa kwa kelele huhesabiwa kuwa uzoefu. Baada yake walipita makocha wanne katika miaka tisa, kila mmoja akipokewa kwa tarumbeta. Pruett amepewa jengo lenye jina lake. Mimi nafundisha historia ya Roma katika chuo hichohicho, na ubao ule umebeba vitabu vyangu. Jina la mwisho juu yake ni la Lyle. Langu sikulichonga, hapakuwa na wa kumkabidhi.

Tjaden alikwenda kufundisha shule ya sekondari umbali wa maili arobaini, akaranda mbao mpya. Sikuwahi kwenda kumwona.

Machi iliyopita mkewe, Wilma, alinipigia simu.

"Orville ametutoka, Merle. Ameacha karatasi yenye majina sita ya kubeba jeneza. Kawapanga kama safu ya mechi, si unamjua. Wewe umewekwa katikati."

"Mama, alijua?"

"Alijua nini?"

Nikamwuliza mazishi ni saa ngapi.

Wale watano wengine walikuwa wanafunzi wake wa sekondari, sasa wakulima na mafundi wa matrekta. Tulibeba watatu kila upande. Njia ya makaburini ilikuwa tope lililoganda nusu, nao walitembea kwa hatua fupi, miguu imeachana, kana kwamba ubao umelazwa chini ya kila mmoja. Katika hatua ya nne mguu wangu ulimkwaa aliyenitangulia. Jeneza likayumba.

"Panua miguu, profesa," alinong'ona aliyekuwa nyuma yangu.

Nikaipanua. Zilikuwa zimebaki hatua chache.