Mji Uliohamia Ukumbi Namba Mbili

Asubuhi ya kwanza ya kozi fupi ya sera ya mambo ya nje, mratibu aligawa beji, kalamu na chupa za maji, akawaonya washiriki wasichomeke simu kwenye soketi ya karibu na dirisha kwa sababu inapiga shoti. Chuo kilikuwa kwenye likizo ndefu. Wanafunzi wa kawaida walikuwa wamekwenda makwao, na Ukumbi Namba Mbili ulinuka dawa ya sakafu. Profesa aliunganisha meza katikati ya ukumbi, akatandaza ramani kubwa, akaibana pembeni kwa vikombe vya chai.

"Huku ni kwetu, huku ni kwa jirani," alisema. "Mpaka wa hapa haujawahi kuchorwa ukaeleweka. Mtakaa pande mbili, mtajadiliana, mtauchora. Ramani nimeisafisha kidogo ili zoezi lisiwe na makorokoro."

Hakuna aliyeuliza makorokoro gani. Washiriki walikuwa watu wenye adabu na vyeti, wakaanza kugombea viti vya upande wa kwetu. Aliyechaguliwa kuuongoza upande huo alikuwa binti mwenye sauti iliyonyooka kama ya mtangazaji wa redio. Wakambandika jina la Msemaji siku hiyohiyo, likamganda. Upande wa jirani uliongozwa na mwanasheria mmoja mnene, mcheshi, aliyependa kula biskuti za wenzake.

Msemaji alipoinama juu ya ramani, jicho lake lilitua pale mto unapojikunja. Hapakuwa na mji. Palikuwa peupe. Mji huo aliujua nje ndani kwa sababu ndiko alikolelewa. Shangazi yake, fundi cherehani, alimchukua akiwa mdogo baada ya kufiwa na mama, akamsomesha kwa kushona sare za shule za watoto wa wenzake mpaka akafika chuo kikuu. Lakini asubuhi hiyohiyo, wakati wa kujitambulisha, Msemaji alikuwa amesema mbele ya wote, "Mimi ni wa hapahapa." Alilisema bila kufikiri, kwa vile aliyemtangulia alikuwa mtoto wa balozi. Sasa angeutajaje mji bila kuulizwa ameujulia wapi? Akajikausha.

Na jambo lenyewe halikuwa mchezo, ingawa waliliita zoezi. Mazungumzo ya kweli juu ya mpaka huo yalikuwa yamekaribia, na wizara ilikuwa imeahidi kwamba mstari watakaokubaliana utapelekwa mezani kama ulivyo. Zaidi ya hapo, mshiriki atakayeng'ara angeajiriwa kwenye kitengo cha mipaka. Msemaji aliitamani kazi hiyo hata usingizini.

Mwanasheria alipendekeza mstari unyooke tu, uikate ile kona ya mto, kwa kuwa ni eneo tupu.

"Eneo tupu," Msemaji alikubali, na penseli ikapita.

Baada ya chai aliingia kinyozi. Alikuwa amebeba kiti chake cha kuzunguka begani na kioo kwapani. Aliuliza kama kuna umeme, mratibu akamwonyesha soketi na kumpa onyo la shoti. Nyuma yake wakaja wauza mkaa, mwalimu na darasa lake zima waliokuwa katikati ya jedwali la kuzidisha, mganga wa zahanati na wagonjwa wake waliokuwa kwenye foleni, na bibi mmoja mwenye mbuzi. Walieleza bila kelele kwamba mahali walipokuwa, pale mto unapojikunja, hapapo tena. "Karibuni," alisema Profesa, "ila msiuzibe ubao." Watoto walikaa chini, wakaendelea na mara saba. Mbuzi alifungwa kwenye mguu wa meza ya projekta. Mratibu alilalamika kidogo, lakini ni kuhusu viti tu, na kabla ya chakula cha mchana mwanasheria alikuwa ameshanyolewa ndevu.

Siku iliyofuata mwanasheria huyohuyo alikumbuka kwamba malori ya mafuta lazima yavuke mto. "Hapa hapana daraja kweli?" aliuliza. Profesa alikuna kichwa, akakiri kwamba daraja lipo, lilimponyoka wakati wa kusafisha. Alilirudisha kwa kalamu ya wino. Pale nyuma ya ukumbi mlinzi wa daraja, mzee aliyekuwa amesinzia juu ya fimbo yake, aliamka, akavaa kofia, akawaaga watu, akaenda zake kazini. Wote wakaona jinsi mambo yanavyokwenda. Kinachotajwa mezani hurudi mahali pake.

Kinyozi aliinua mkono ili naye aseme neno. Mratibu alimweleza kwa upole kwamba wanaozungumza ni wenye beji, na beji zimekwisha. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Juu ya aliyepo bila beji hawakuacha maelekezo yoyote.

Shangazi aliingia siku hiyo, cherehani kichwani, furushi la vitambaa mkononi. Alichagua nafasi ya dirishani ili apate mwanga. Alipotua mzigo na kujipangusa jasho, alimwona binti yake kwenye kiti kikubwa, amevaa koti, na uso wake mzima ukafunguka.

"Mwanangu! Kumbe ndipo unaposomea hapa!"

Meza nzima iligeuka. Mwanasheria aliacha kutafuna. "Unamfahamu huyu mama?"

Msemaji aliinamia karatasi zake. "Hapana," alisema. "Labda amenifananisha."

Cherehani ilikuwa bado haijafunguliwa kamba. Shangazi alisimama ameishika, akamtazama, kisha akacheka kicheko kidogo cha kuomba radhi. "Macho ya utu uzima haya," aliwaambia watu wote. "Samahani, dada. Nimekufananisha." Akaketi, akafungua furushi lake, akaanza kupachika uzi. Msemaji alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, aibu ya moto, yenye uzito. Aliendelea kusoma kifungu cha nne kwa sauti yake ileile iliyonyooka.

Mchana alimfuata nje kwenye bomba, alipohakikisha hakuna anayewaona. Shangazi alikuwa anasuuza kikombe.

"Shangazi, nisamehe. Pale ndani mambo ni magumu."

"Nimeona."

"Nyumba vipi?"

"Haipo. Nilikuwa nakata kola, nikainua kichwa, ukuta hakuna. Nikamuuliza jirani, akasema hata wa kwake. Ndiyo tukaja." Alikung'uta maji kwenye kikombe. "Hivi ni kweli wanavyosema? Mtu wa pale mezani akitamka tu, mji unarudi?"

"Ni kweli."

"Basi tamka, mama. Neno moja tu, halafu uendelee na mambo yako. Kunijua si lazima."

Msemaji alieleza kwamba akitamka wataanza kuchimba, watajua anatoka huko, watasema anapendelea kwao, na kazi ataikosa. Akishaingia wizarani ndipo atakapousaidia mji wote, kutoka ndani, kwa utaratibu. Alipokuwa akiyasema hayo aliyaona kuwa ni mazuri kabisa, yamepangika, na akajichukia.

"Haya," alisema shangazi. "Wewe ndiye uliyesoma."

Walirudi ndani kila mtu kivyake.

Siku ya kufunga kozi alikuja mkurugenzi kutoka wizarani, mtu mwenye haraka, na dereva wake akabaki nje bila kuzima gari. Ramani ilitundikwa ukutani. Mstari ulikuwa umenyooka, mweusi, unapendeza macho. Msemaji aliuwasilisha vizuri kuliko alivyowahi kuwasilisha chochote. Kule nyuma watu wa mji walikuwa wamenyamaza kwa heshima. Kinyozi alikuwa amezima mashine. Mwalimu aliweka kidole mdomoni kuwatuliza watoto. Sauti iliyosikika ilikuwa ya cherehani peke yake.

Mkurugenzi aliandika, akatikisa kichwa kukubali, halafu akatazama nyuma ya ukumbi.

"Na hawa ni akina nani?"

Profesa alikohoa. Mwanasheria alitazama biskuti. Basi wote wakamgeukia Msemaji, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Cherehani ikasimama. Shangazi hakumtazama. Alitazama sindano, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini.

Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Lilikuwa jina la mji tu, jina fupi, ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeweza kulitamka. Msemaji alifungua mdomo.

"Mheshimiwa," alisema, "hilo ni suala la kibinadamu. Tumependekeza liangaliwe katika awamu ya pili."

"Safi sana," alisema mkurugenzi, akapiga makofi, na ukumbi ukamfuata. Watu wa mji nao walipiga makofi, kwa kuwa ni watu wastaarabu na waliona wenzao wanapiga. Baada ya muda cherehani ikaendelea.

Kazi aliipata. Mstari ulipelekwa kwenye mazungumzo ya kweli, ukapita bila marekebisho, ukawekwa nguzo za zege. Awamu ya pili iko kwenye mpango. Mji umebaki Ukumbi Namba Mbili. Chuo kimeuzoea, kimewagawia saa za kutumia choo, na kozi zinazokuja huelekezwa zipitie mlango wa pembeni. Kinyozi anawanyoa wahadhiri. Mbuzi amezaa.

Kitengo cha mipaka hufanya vikao vyake chuoni, ghorofa ya juu, na njia ya kwenda huko inapita ukumbini. Msemaji huwa anapita haraka, simu sikioni, hata kama hakuna anayeongea upande wa pili. Asubuhi moja alichelewa kuitoa simu kwenye mkoba. Shangazi alikuwa dirishani, anapinda sare. Alipomwona aliweka mkasi chini, akasimama licha ya magoti yake mabovu, akashika mikono kifuani na kuinama kidogo, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Watu walikuwa wanatazama. Mkurugenzi alikuwa ameshafika kwenye ngazi, anamsubiri.

"Marahaba," alisema Msemaji, akapanda kwenda kikaoni.