Mbwa Asiyeitika

Wanawake wa pwani husemezana kwa kanga. Sisi wa Gutu, huku bara, kanga hatuna, tunasemezana kwa mbwa. Ukiwa na neno na jirani na huwezi kumwambia usoni, unatafuta mtoto wa mbwa, unampa neno hilo liwe jina lake, kisha unamwita kutwa. Nani atakushtaki kwa kumwita mbwa wako?

Ndivyo alivyofanya Maidei mumewe alipokufa. Siku ya kugawa nguo za marehemu, wifi yake Raviro, ambaye kwa mila ndiye msimamizi wa mgao, alisimama mbele ya ukoo mzima akasema kaka yake hakuuawa na ugonjwa, ameuawa na mke aliyechelewa kumpeleka hospitali. Maidei hakujibu. Mjane hajibu siku ile, hata kama moyo unamtoka. Lakini mwezi haukuisha akaleta mbwa, dume la rangi ya udongo, akampa jina Muchadura. Maana yake kwa lugha yetu, mtakiri.

Raviro aliishi ng'ambo ya ua wa minyaa, tangu ndoa ilipomshinda akarudi kwa baba yake. Naye si mtu wa kulala na deni la maneno. Akapata jike jeusi, akamwita Hazvinei, yaani haidhuru. Basi ikawa kila jioni huku anaitwa Muchadura, kule anaitwa Hazvinei, sauti zinapita juu ya minyaa kama mawe. Neno jingine halikupita kati yao, hata salamu ya msiba. Majirani walicheka miaka ya mwanzo, halafu wakazoea.

Na Maidei alikuwa mpweke, tusidanganyane. Mwanawe Tongai yuko Johannesburg, anapiga simu akikumbuka. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengi ilibaki na mtu mmoja na mbwa. Akipika, anaongea na mbwa. Akishona, anaongea na mbwa.

Sasa mbwa mwenyewe alikuwa haitiki. Akiitwa, anatoka mbio kuelekea milimani. Siku moja akawakimbiza mbuzi wa Raviro mpaka mmoja akavunjika mguu, na Raviro akaenda moja kwa moja kwa jumbe. Maidei naye akajitetea kwamba Hazvinei kazi yake ni kula mayai ya watu. Jumbe Makwarimba alikuwa amewachoka wote wawili.

"Siku ya chanjo tutakutana pale joshoni," akasema. "Raviro, utakuja na wako tumwone. Mama Tongai, wako utamfungulia mbele ya mbuzi, halafu utamwita. Akija, atabaki. Asipokuja, vijana watamwua hapo hapo. Sitaki kesi nyingine."

Maidei alirudi nyumbani. Kwa miaka yote ile hakukumbuka mbwa huyo kuja alipoitwa hata mara moja.

Kesho yake bibi mifugo, mama mmoja wa makamo aitwaye Fungisai, alikuja kumfunga mbuzi mguu kule kwa Raviro. Akitoka, Maidei akamsimamisha njiani akamsihi aingie kwake amsaidie na mbwa.

"Haya, mwite nimwone," Fungisai akasema.

Maidei akavuta pumzi, akaugeukia ule ua wa minyaa, akaita kwa sauti ya kupasua masikio. Mbwa, aliyekuwa amejilaza kivulini karibu nao kabisa, akafyata mkia akapotelea nyuma ya ghala.

"Mama Tongai, ulikuwa unamwita nani?"

"Si mbwa?"

"Mbwa alikuwa huku. Wewe umetazama kule."

Maidei akautazama tena ule ua.

"Na akirudi unamfanyaje?"

"Nampiga. Si amekimbia?"

"Kwa hiyo akija anapigwa, akikaa mbali hapigwi. Ungekuwa wewe, ungekuja?"

"Mimi si mbwa, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Yeye hasemi."

Fungisai akaomba kipande cha ugali, akaenda kuchuchumaa karibu na ghala, akamtupia mbwa bila kumkazia macho, akangoja mpaka mwenyewe akasogea. Shingoni alikuwa na waya uliokwisha kula ngozi. Masikioni, kupe wamejipanga. Akaukata waya, akawatoa kupe mmoja mmoja, akasema maji yake yawekwe kivulini na yabadilishwe kila siku, mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe tena maana huchoma utumbo, na awe anatembezwa na mwenyewe, asiachwe kutoroka.

"Sasa la kumwita," akasema. "Chukua dagaa. Mwite mara moja, kwa sauti ya amani. Akija, mpe papo hapo, hata kama amechelewa, hata kama ametoka kukutia hasara. Aliyekuja hapigwi. Na hilo jina liache. Limeshaharibika, mbwa analisikia kama fimbo."

"Nitaliachaje?" Maidei akasema. "Nikiliacha, si nitakuwa nimekiri mimi?"

"Hayo sijui. Mimi nakwambia ya mbwa. Jikoni mkiwa wawili unamwitaje?"

Maidei akaona haya, akatazama chini. "Mwanangu," akasema.

"Basi ndilo hilo."

Usiku huo alijaribu kulisema lile jina la zamani kwa upole. Sauti iligoma. Kila akilitamka lilitoka kali vile vile, na mbwa akajivuta pembeni. Akajua hakuna njia. Ama amshike mbwa, ama ashike kesi yake.

Akamshika mbwa. Akaanza jikoni, akaenda uani, akaenda shambani. Mwanangu, dagaa. Mwanangu, dagaa. Siku mbwa alipotoka mbali kwenye mabua akaja mbio, ulimi nje, Maidei alikaa chini akalia. Hakuna kiumbe aliyewahi kumkimbilia hivyo tangu Tongai akiwa mdogo.

Lakini jioni ziliharibika. Ile jioni ya kwanza Maidei hakuita kitu, na ng'ambo ya minyaa Raviro akaita Hazvinei, akangoja, akaita tena. Jioni za kufuata aliita kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akaacha. Kimya kikaingia, kizito. Maidei akawa anakula huku ameinua sikio, na tonge linamganda mkononi. Alijikasirikia. Miaka yote alidhani anauchukia ule ukelele, kumbe ndio uliokuwa ukimwambia kwamba siku imekwisha na kuna mtu anayejua kwamba yupo.

Siku ya chanjo josho lilijaa. Jumbe akaamuru mbuzi wa Raviro waletwe, na vijana wakasimama na fimbo. Maidei akafungua kamba. Mbwa akanusa upepo, akawaona mbuzi, akafyatuka. Mbuzi wakatawanyika. Maidei aliona kabisa atakavyomzika.

"Mwanangu," akaita, mara moja, kwa sauti ile ile ya jikoni.

Watu wakaangua kicheko. Mama mzima anamwita mbwa mwanangu. Mbwa akapunguza mwendo, akageuza kichwa. Akawatazama mbuzi tena. Halafu akarudi mbio, vumbi linamfuata, akaja kusukuma pua kwenye kiganja chake. Maidei akampa dagaa wote aliokuwa nao, akamkumbatia shingo.

"Huyu atabaki," jumbe akasema. "Haya, Raviro, wako yuko wapi?"

Raviro alikuwa amesimama peke yake kando ya mbuzi, mikono mitupu.

"Alikufa," akasema. "Kipupwe cha mwaka juzi. Nyoka."

"Mwaka juzi? Mbona tulikuwa tunasikia ukimwita kila jioni?"

Raviro akamwelekezea Maidei kidevu, bila kumtazama. "Yule alikuwa anaita. Ningenyamaza angedhani na mimi nimekufa."

Hakucheka mtu. Fungisai akajifanya anatafuta sindano. Raviro akaanza kuwaswaga mbuzi wake kuelekea nyumbani.

Jioni Maidei alimlisha mbwa, akaenda kusimama kwenye minyaa. Jina la zamani lilimjia mdomoni lenyewe, lakini angeliita, mbwa angetoka mbio na kazi yote ingemwagika. Jina jipya halikuwa la kupitisha kwa mtu. Likabaki neno moja, ambalo hakuwa amelitamka tangu mazishi.

"Wifi," akasema.

 Kule kigoda kikakwaruza sakafu.

"Nimekusikia," Raviro akajibu. "Lakini leo sina la kukwambia."

Maidei alingoja, labda kungefuata jingine. Halikufuata. Alitamani kupasua minyaa apite, na alitamani pia kurudi ndani afunge mlango.

"Basi nitaita na kesho," akasema.

"Ita," Raviro akasema. "Nipo."